Jibu ninalodaiwa tangu Sikukuu ya Karume

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, siku moja baada ya habari yenyewe kutoka. "Shikamoo mwalimu. Ile nguvu ya tano uliyotuambia kidato cha sita imeishia wapi? Huku naona wanasema hesabu zimekubaliana, hakuna kitu." Chini yake alikuwa amebandika habari aliyoisoma, ya Juni 2025, kuhusu matokeo ya mwisho ya kupima chembe ndogo iitwayo muoni, na kikatuni kinachokuna kichwa. Kijana huyu nilimfundisha fizikia, mchepuo wa PCM. Sasa anafunga sola vijijini huko Singida na ana vijana wawili chini yake. Nikamjibu, "Marahaba. Hilo halijibiwi kwa simu, nitakuandikia." Nilidhani zingetosha aya mbili.

Naanza na kosa langu. Tarehe 7 Aprili 2021 ilikuwa Jumatano, Sikukuu ya Karume, hakuna shule. Saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, maabara ya Fermilab iliyoko Batavia, magharibi ya Chicago, ilianza kutangaza matokeo ya jaribio lake la muoni, moja kwa moja mtandaoni. Niliangalia kwenye simu. Bando likakata kabla grafu ya mwisho haijatoka, nikamtuma mtoto mbio dukani kwa Mangi akaninunulie vocha, na aliporudi grafu ilikuwa imeshapita lakini watu kwenye kioo bado walikuwa na nyuso za harusi. Kipimo chao na hesabu za nadharia zilikuwa zimeachana kwa sigma 4.2. Kwa lugha ya mtaani: kama ni bahati mbaya tu ya namba, basi ni bahati inayotokea mara moja katika majaribio elfu arobaini hivi.

Kesho yake niliingia darasani, sikugusa hata mada iliyokuwa ubaoni. Niliwaambia kwamba nguvu za asili tunazozijua ni nne: graviti, sumakuumeme, na zile mbili za ndani ya nyuklia, kubwa na dhaifu. Nikasema huenda jana jioni, sisi tukiwa kwenye sikukuu, imeanza kubisha hodi ya tano. Nilisema huenda. Naapa nilisema huenda. Lakini mwanafunzi wa kidato cha sita haisikii huenda, hasa akimwona mwalimu wake anazunguka mbele ya darasa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sasa muoni ni nini. Jina lenyewe kwa sikio la Kiswahili linafanana na mtu anayeona, na sijawahi kuchoka kulifurahia, kwa sababu kazi tuliyoipa chembe hii ni hiyo hasa, kutuonea tusiyoyaona. Iligunduliwa mwaka 1936 na Carl Anderson na Seth Neddermeyer katika mionzi inayotoka anga za juu. Ni ndugu wa elektroni kwa kila kitu, chaji ileile, tabia ileile, isipokuwa ni nzito mara 207 na haidumu. Ikitulia inaishi mikrosekunde 2.2, kisha inavunjika kuwa elektroni na nyutrino mbili. Isidor Rabi, mwanafizikia wa Columbia, aliposikia habari zake aliuliza nani ameagiza kitu hiki. Hakuna aliyemjibu hadi leo.

Nyoosha kiganja chako sasa hivi, kikiangalia juu. Kila sekunde inapita muoni moja hivi ndani yake, ikitokea kilomita kama kumi na tano juu ya kichwa chako. Kwa umri wa mikrosekunde 2.2, hata ingekimbia kwa mwendo wa mwanga, ingeishia mita 660 tu na isingefika kwenye bati la nyumba yako. Inafika kwa sababu kwa kitu kinachokimbia kiasi hicho, saa yake hupungua mwendo tukiitazama kutoka chini. Einstein anapita kiganjani mwako bila malipo. Jambo hilo huwa nalifanya darasani, na kila mwaka kuna mmoja anayekikung'uta kiganja.

Muoni ni sumaku ndogo. Na hapa lazima niwarudishe Tanga, Ngamiani, ambako baba yangu alikuwa fundi redio na mimi nilikuwa na mali mbili: sumaku ya duara iliyotolewa kwenye spika iliyochanika, na pia, kile kidude cha kuchezea kinachozungushwa kwa kamba, ya mti wa mpera yenye msumari chini. Sumaku niliifunga kamba nikaiburuza kwenye mchanga, inarudi na ndevu nyeusi. Ile pia niliichapa kwa kamba kwenye sakafu ya saruji ya baraza. Ile pia ikiwa imesimama wima na kasi imejaa, tulisema imelala. Ikianza kuchoka inainama, na hapo ndipo kichwa chake kinapoanza kuchora duara hewani, polepole, huku yenyewe ikiendelea kuzunguka kwa kasi. Huko kuyumba kwa duara ndiko kunakofanywa na muoni ukiiweka kwenye uga wa sumaku, yaani lile eneo linalozunguka sumaku ambamo nguvu yake inasikika. Muoni ina mzunguko wake wa asili, spini, na mhimili wa spini hiyo huyumba kama kichwa cha pia.

Inayumba kwa kasi gani? Inategemea namba moja ambayo wanafizikia huiita g. Paul Dirac mwaka 1928 aliandika mlinganyo ambao ulisema kwa elektroni, na kwa ndugu zake wote, g ni 2. Mbili kamili. Mwaka 1947 Polykarp Kusch na Henry Foley pale New York walipima elektroni wakakuta imezidi mbili kwa kiasi kidogo, kama sehemu moja katika elfu ya hiyo mbili. Mwaka uliofuata Julian Schwinger akaonyesha kwa hesabu kwa nini. Utupu si mtupu. Chembe yoyote inayopita imezungukwa na wageni wanaotokea na kutoweka kabla hujawahesabu, na kila mgeni anaigusa kidogo ile sumaku. Mgeni wa kwanza kabisa anaongeza alfa, namba inayopima ukali wa sumakuumeme, kugawanya kwa pai mbili, takriban 0.00116 ya ile mbili, na alama hiyo imechongwa kwenye kaburi la Schwinger huko Cambridge, Massachusetts. Sisi tunaandika tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki. Yeye kaandikiwa jibu.

Unaona sasa muoni inavyoingia. Kama utupu umejaa wageni, basi ukiipima ile ziada kwa umakini wa kutosha, unawahesabu wageni wote, hata usiowajua majina. Na kwa wageni wazito muoni ina hisi kali kuliko elektroni mara 207 kwa 207, yaani mara elfu arobaini na tatu hivi. Kwa hiyo unafanya kazi mbili. Upande mmoja wananadharia wanakokotoa ziada kwa kuhesabu wageni wote wanaofahamika. Upande wa pili watu wa maabara wanaipima. Zikitofautiana, kuna mgeni asiyeandikwa kwenye daftari, na huenda ndiye anayekuja na ile nguvu ya tano.

Kipimo chenyewe ni ubunifu ninaoupenda kuliko yote katika fizikia. Unachukua muoni zenye chaji chanya, spini zao zote zikielekea mbele, unaziingiza kwenye pete kubwa ya sumaku. Uga unazipindisha zizunguke pete, na uga huohuo unazipindua spini zao. Kama g ingekuwa 2 kamili, spini na mwendo vingegeuka sambamba, na spini ingeangalia mbele siku zote kama mtu anayekimbia uwanjani macho yakiwa njiani. Kwa sababu g imezidi kidogo, spini inageuka haraka kuliko mwili. Kila mizunguko 29 ya pete, spini inakuwa imezunguka duara moja zaidi. Ile mbili nzima imejifuta yenyewe, unabaki unapima ziada peke yake. Na muoni inapovunjika, pozitroni (ndiyo elektroni yenye chaji chanya, kwa kuwa muoni hizi ni chanya) yenye nishati kubwa hupenda kurushwa upande ambao spini inaangalia, kwa hiyo vigunduzi 24 vilivyopangwa ndani ya pete vinaona idadi ya pozitroni ikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kila mikrosekunde 4.37. Unahesabu mawimbi hayo. Umri wa muoni humo ndani umerefuka hadi mikrosekunde 64 kwa ajili ya mwendo wake, muda wa kutosha kuzunguka pete mara mia nne na ushei.

CERN, maabara ya Ulaya iliyoko Geneva, walifanya hivi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1979. Kisha maabara ya Brookhaven, kwenye kisiwa cha Long Island huko Marekani, wakajenga pete yenye nyaya zinazopozwa kwa heli ya kimiminika hadi umeme unapita bila ukinzani wowote, koili zenye upana wa mita kama kumi na tano, na wakachukua data kuanzia 1997 hadi 2001. Pete hiyohiyo ndiyo iliyopelekwa Fermilab mwaka 2013, kwani kuihamisha kuligharimu sehemu ya kumi hivi ya kujenga nyingine. Koili zilikuwa zimesukwa kipande kimoja, hazikatwi wala hazikunjwi, na zikipinda milimita chache tu zimekwisha. Wakazipakia kwenye tishari. Mtu wa Tanga akisikia tishari anasisimka, maana bandari yetu kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari. Hili lilishuka pwani ya Atlantiki, likazunguka Florida, likaingia mito ya Tombigbee na Tennessee hadi Mississippi na Illinois, zaidi ya kilomita elfu tano kwa mwezi mmoja na siku kadhaa. Vipande vya mwisho vya safari vilikuwa barabarani, usiku, lori likitambaa kama siafu aliyebeba kumbikumbi. Picha zake nimewahi kuzichapisha kwa hela yangu nikazibandika ukutani maabara. Zimeibwa zote mbili, naona kama sifa.

Kufika si kazi. Uga wa tesla 1.45 unatakiwa uwe sawasawa pande zote za pete, na chuma cha sumaku ni tani mamia, kikipata joto kidogo kinatanuka na uga unasogea. Walibandika maelfu ya vipande vyembamba vya chuma, kimoja kimoja, kama mtu anayesawazisha meza kwa karatasi zilizokunjwa, karibu mwaka mzima. Halafu wanaupimaje uga? Hapa ndipo darasa langu hucheka. Ndani ya pete kuna kigari kidogo kinachopita kwenye njia ya muoni wakati muoni hazipo, kimebeba vipimio 17, na kuzunguka pete vimewekwa vingine 378 vya kudumu. Ndani ya kila kipimio kuna mafuta ya mgando. Yaleyale ya kupaka mtoto asubuhi ya harmatani ya Dodoma, ingawa watu wa Dodoma wataniambia upepo wao hauitwi harmatani. Mafuta hayo yamejaa haidrojeni, na kiini cha haidrojeni ni protoni, na protoni nayo ni pia: kwenye uga ule inayumba karibu mara milioni 62 kwa sekunde. Ukiijua kasi ya kuyumba umejua uga. Pia moja inapimwa kwa pia nyingine.

Na kuna rezista, kile kipande kidogo kinachozuia mkondo wa umeme. Msimu wa kwanza, 2018, ndani ya pete kulikuwa na bamba za umeme wa volti nyingi zinazozuia muoni zisipande wala kushuka. Bamba hizo zilikuwa na rezista 32. Mbili ziliharibika. Si kuungua kabisa, ziliharibika tu, kiasi kwamba volti zilichelewa kukaa sawa na wingu zima la muoni likawa linasogea kidogo kadiri muda unavyokwenda, na mawimbi yakachafuka. Walilazimika kulielewa kosa hilo kwa kina, kulisahihisha kwenye hesabu za msimu mzima, na kuzibadilisha kabla ya msimu wa pili. Niliposoma hayo niliona kabisa baba angekaa mkao gani akiwasikiliza: miguu imepishana, koleo mkononi, akitikisa kichwa. Rezista iliyokufa ni rafiki, alikuwa akisema, inayougua ndiyo adui.

Baba alikuwa na tabia nyingine ambayo sikuielewa hadi nilipofika chuoni nikaharibu. Akifungua redio ya mteja, anapima volti kwa mita sehemu saba, nane, anaziandika kwa chaki kwenye ubao wa meza. Akishamaliza zote ndipo anafungua kabati kutoa mchoro wa redio hiyo, wenye volti zinazotakiwa. Hakuwahi kutoa mchoro kwanza. Nilimuuliza mara moja, akasema ukiuona mchoro kwanza, mkono unaanza kumtafutia mshale pa kusimama.

Chuoni, mwaka wa kwanza, tulipewa kazi ya kupima sehemu ya mlalo ya sumaku ya dunia kwa galvanomita ya tanjenti. Ni duara la waya lililosimama, katikati dira. Unapitisha mkondo wa umeme, sindano inageuka, unasoma pembe, unakokotoa. Tulikuwa watatu. Tukapata mikrotesla 28. Tukarudia, 29, kisha 27 na kitu. Kitabu cha maktaba, cha zamani, karatasi za njano, kiliandika 18. Saa ya kukusanya ripoti ilikuwa imebaki nusu. Basi tukapika. Pembe ya nyuzi 45 ikawa 57, na nyingine zote zikasogezwa kwa uwiano, na mmoja wetu aliyekuwa mjanja akaongeza makosa madogo huku na kule ili isionekane safi mno. Ikatoka 18.3. Tulipata alama 17 kati ya 20, na maneno "kazi nzuri" kwa wino mwekundu.

Kitabu kile kilikuwa kimechapwa Uingereza. Ile 18 ilikuwa ya Uingereza. Kule mistari ya sumaku ya dunia inazama ardhini kwa mwinamo mkali, sehemu inayobaki kwenye mlalo ni ndogo. Huku kwetu karibu na ikweta mistari imelala zaidi, mlalo ni mkubwa. Niliigundua baada ya miaka, nikiwa mwalimu tayari, kwenye ramani. Namba yetu ya kwanza, ile tuliyoifuta, ilikuwa ndiyo. Tulikuwa tumeipima Tanzania vizuri kabisa, kisha tukaihamishia Uingereza kwa kalamu ya risasi.

Ndiyo maana sehemu ya jaribio la Fermilab inayonikaa moyoni kuliko tishari na mafuta ya mgando ni bahasha. Vigunduzi vyote vilikuwa vinaendeshwa na saa moja, inayotakiwa kupiga karibu mara milioni 40 kwa sekunde. Watu wawili wa Fermilab, wasiokuwa katika kundi la jaribio, waliisogeza saa hiyo kidogo, wakaficha ni kwa kiasi gani, wakaiandika namba halisi kwenye karatasi na kuifungia kwenye bahasha. Wachambuzi, zaidi ya mia moja, walifanya kazi miaka mitatu na saa wanayojua ni ya uongo bila kujua ni ya uongo kiasi gani. Hakuna aliyeweza kuchungulia kama anakaribia Brookhaven au anakaribia nadharia, hivyo hakuna aliyeweza kumtafutia mshale pa kusimama. Mwanzoni mwa 2021, wakiwa kwenye kikao cha mtandaoni kwa sababu ya korona, bahasha ikafunguliwa, namba ikaingizwa, na jibu likaja kukaa palepale Brookhaven ilipokuwa imesimama miaka ishirini.

Kwa hiyo kipimo kilikuwa imara. Sasa tuvuke upande wa pili, kwa wananadharia, ambako mambo hayakuwa imara hata kidogo na ambako mimi sikuangalia.

Ningepaswa kukumbuka kisa cha 2001. Februari mwaka huo Brookhaven walitangaza tofauti ya sigma 2.6, magazeti yakaandika. Ndani ya hesabu za nadharia kulikuwa na kipande kidogo kinachohusu mwanga kugongana na mwanga kupitia hadroni, yaani chembe za ukoo wa protoni. Makundi mawili yalikuwa yameshakikokotoa, yote yakapata jibu hasi. Novemba, Marc Knecht na Andreas Nyffeler wa Marseille wakakokotoa upya sehemu yake kubwa wakapata ukubwa uleule, lakini chanya. Toichiro Kinoshita wa Cornell, mzee ambaye maisha yake yote aliyatoa kwa hesabu hizi (baadaye yeye na wenzake walikokotoa michoro 12,672 ya hatua ya tano peke yake), akarudi kwenye kazi yake na Masashi Hayakawa kutafuta. Waliikuta. Programu ya kompyuta waliyoitumia ilikuwa na mazoea yake ya kuweka alama katika kanuni fulani, tofauti na waliyodhani. Kutoa badala ya kujumlisha. Desemba walichapisha wenyewe kwamba walikosea, na sigma 2.6 ikashuka hadi 1.6. Nikisahihisha mitihani na kuona mtoto amepoteza alama nne kwa ajili ya kistari kimoja, huwa namwandikia pembeni: Kinoshita.

Safari hii kipande chenye ubishi kilikuwa kingine, kikubwa zaidi, pia cha hadroni. Kwaki na gluoni, chembe zinazounda hadroni, haziandikiki kirahisi kwa karatasi, kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukopa data: unachukua migongano ya elektroni na pozitroni iliyopimwa Novosibirsk, Frascati, Stanford na kwingineko, unaitumia kukisia wageni wa utupu. Ya pili ni kukatakata nafasi na wakati kuwa wavu wa matundu madogo na kuikokotoa yote kwa kompyuta kubwa. Mwaka 2020 wananadharia zaidi ya mia moja walikubaliana hesabu rasmi kwa njia ya kwanza. Tofauti ya sigma 4.2 ilipimwa dhidi ya hiyo.

Na siku ileile, tarehe 7 Aprili 2021, kundi linaloitwa BMW, kwa majina ya miji ya Budapest, Marseille na Wuppertal, lilichapisha katika jarida la Nature hesabu ya wavu iliyosema kipande hicho ni kikubwa kuliko inavyodhaniwa, na kwa hiyo pengo karibu lote linazibika. Habari hiyo niliiona. Ilikuwa chini kabisa ya makala niliyosoma usiku ule, mistari miwili. Niliipita. Darasani sikuitaja, na swali la kwa nini silihitaji kuulizwa na mtu mwingine, kwa kuwa jibu lake nilishalijua tangu maabara ya mwaka wa kwanza.

Kilichofuata ni kama kesi ya mirathi. Fermilab wakaendelea kupima, Agosti 2023 wakatoa namba yenye uhakika mara mbili ya ile ya kwanza, imekaa palepale. Makundi mengine ya wavu, kila moja kwa njia yake, yakaanza kuafiki upande wa BMW. Jaribio la CMD-3 la Novosibirsk mwaka huohuo likatoa data mpya za migongano ambazo hazikulingana na za zamani, zikiwemo za mtangulizi wake wa palepale Novosibirsk, CMD-2. Mei 2025 wananadharia wakatoa hesabu mpya rasmi. Safari hii kipande kile kilitoka kwenye wavu peke yake, kwa kuwa data za migongano zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Na tarehe 3 Juni 2025 Fermilab wakafunga kazi: ziada ya muoni ni 0.001165920705, kwa uhakika wa sehemu 127 katika bilioni. Ni kama kupima barabara ya Dar es Salaam hadi Tanga, kilomita 350 hivi, ukakosea sentimita nne na nusu. Waliahidi 140, wakaleta 127. Hesabu mpya na kipimo zinakaa pamoja bila ugomvi.

Kwa hiyo, bwana mdogo, jibu la swali lako ni kwamba nguvu ya tano haikutoroka. Haikuwahi kufika. Kilichosogea kati ya siku niliyozunguka mbele yenu na leo ni hesabu, na ndugu yako mwalimu alikuwa na dokezo hilo mfukoni tangu usiku wa kwanza.

Lakini usiandike kwenye kundi lenu la WhatsApp kwamba hakuna kitu, maana najua ndilo ulilokuwa unaelekea kufanya. Hesabu mpya ina mashaka makubwa mara nne kuliko ya kipimo. Ni kama fundi amekata mbao kwa milimita na mjenzi bado anapima kwa shibiri: mlango unaingia, ila kati ya mlango na fremu anaweza kupita mjusi. Na kwa nini data za migongano hazipatani, hakuna aliyeeleza akaeleweka na wote. Kuna jaribio la CERN, MUonE, linalolenga kukipima kile kipande cha ubishi kwa kurusha muoni kwenye elektroni za shabaha. Na Japani, pale J-PARC, Tokai, wanajenga njia nyingine kabisa ya kuipima ziada, kwa pete ndogo na muoni zilizopozwa kwanza kisha zikaharakishwa upya. Kama Wajapani watapata namba tofauti na ya Fermilab, sitakuja darasani mbio. Nitakuja kwa kutembea.

Deni la pili ni langu na la dira. Wiki iliyopita nimempakilia kijana huyo boksi kwenye basi la Singida: waya wa shaba, dira mbili, ubao wa mduara niliouchonga mwenyewe, na mita ya baba ambayo bado inasoma sawasawa. Nimemwambia apime sumaku ya dunia ya pale alipo, mbali na bati na nondo na mapaneli yake, siku tatu tofauti, na anitumie pembe tu, asikokotoe. Thamani ya Singida nimeitoa kwenye ramani, nikaiandika kwenye karatasi, nikaifunga kwenye bahasha ya kaki nikamkabidhi mke wangu. Kijana amejaribu kumpigia simu shemeji, anavyomwita, kumbembeleza. Amejibiwa kwamba bahasha haifunguliwi mpaka pembe zote zifike, zimeandikwa kwa kalamu ya wino.